Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiachiwe maumivu usiku kucha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mama akiingia thieta saa 4 asubuhi na kuchomwa ganzi ya mgongo, kisu hakisikii. Mtoto anatoka, analia, anaoneshwa mama yake, kila mtu anafurahi. Ganzi ile hudumu saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Ikifika saa 7 mchana vidole vya miguu vimeanza kucheza na mshono nao umeanza kuuma. Maumivu hufikia kilele jioni, wageni wakiwa wameshaondoka na muuguzi mmoja akiwa amebeba wodi nzima. Anachopata mama kwa kawaida ni sindano ya kutuliza maumivu iitwayo diklofenaki, akilia sana ile kali zaidi, pethidini, na neno "jikaze".

Hoja yetu ni kwamba katika sindano ileile ya asubuhi ilikuwapo nafasi ya kuweka dawa ambayo ingemvusha hadi kesho yake. Dawa hiyo ni mofini, dawa kali ya maumivu, na kiasi chake ni mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na taarifa za kuwawekea wagonjwa katika maji ya uti wa mgongo zilichapishwa Marekani mwaka 1979. Si dawa mpya wala si ya majaribio. Kinachokosekana mahali pengi ni vitu vitatu: ampuli (kichupa cha kioo cha dawa ya sindano) inayofaa, hesabu sahihi ya kuizimua, na mtu wa kuhesabu pumzi za mama usiku. Penye upungufu wa kimojawapo, tungeshauri isianzishwe kwanza. Pakiwa na vyote vitatu, hatuoni sababu ya kumnyima mama.

Tueleze inavyofanya kazi, maana hatari zake nazo zinatokana na jambo hilohilo. Habari za maumivu kutoka kwenye mshono na tumbo la uzazi hupita sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ubongoni. Hapo pana vipokezi ambavyo mofini hushika na kuzima habari hizo. Ikipitia mshipani, dawa huzunguka mwili mzima na kidogo tu ndiyo hufika pale. Ikiwekwa moja kwa moja ndani ya maji yanayouzunguka uti wa mgongo, kiasi kidogo mno kinatosha. Tena mofini hupenda maji kuliko mafuta, hivyo hukaa katika maji yale kwa muda mrefu. Huanza kazi baada ya dakika 30 hadi 60, na nafuu yake huendelea saa 12 hadi 24, wengine hata zaidi. Haitii ganzi wala hailegezi miguu. Mama anatembea, anamnyonyesha mwanawe, anakohoa bila kushika tumbo kwa mikono miwili. (Kwa sababu hiyo, mama ambaye miguu yake bado ni mizito jioni ile asiambiwe "ni ile mofini". Aitwe mtu wa ganzi haraka, maana damu huweza kuvilia mgongoni.)

Wengine hutuambia, "Mbona sisi tunaweka fentanili?" Ni vizuri, nayo ni opioidi, yaani jamii moja na mofini, na ina kazi yake. Mikrogramu 10 hadi 20 za fentanili pamoja na bupivakaini, ile dawa ya ganzi yenyewe, humfanya mama asisikie kuvutwavutwa wakati tumbo la uzazi linashughulikiwa, na hupunguza kichefuchefu kinacholetwa na mvuto huo. Lakini fentanili hupenda mafuta. Huingia upesi kwenye uti wa mgongo na huondoka upesi, saa 2 hadi 4 imekwisha. Ni dawa ya thieta, usiku haimsaidii mama. Zinaweza kuwekwa zote mbili, kila moja kwa kazi yake, ila mtu asiandike "amepewa opioidi ya mgongoni" akadhani ameshamaliza habari ya maumivu.

Sasa tuje kwenye ampuli, maana hapo ndipo watu huumizwa. Mofini inayopatikana zaidi huja miligramu 10 ndani ya mililita 1, nyingine miligramu 15. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya msuli na mshipa. Kabla ya yote, karatasi ya ndani ya boksi isomwe: je, ina kihifadhi? Vihifadhi vingine huweza kudhuru neva. Kama haijaandikwa wazi kuwa haina, mfamasia aulizwe, na kama mfamasia hana hakika, isiende mgongoni. Zipo ampuli zilizotengenezwa mahususi kwa mgongo zikiwa tayari zimezimuliwa. Hospitali inayofanya upasuaji mwingi ingefanya vema kuziagiza hizo na kuyakwepa mengi kati ya haya yanayofuata.

Ukiwa na ampuli ya miligramu 10, dozi ya mikrogramu 100 ni mililita 0.01. Hata tone moja ni kubwa kuliko hapo, na hakuna sirinji ya kupima kiasi hicho kwa uhakika. Lazima dawa izimuliwe, na njia tunayoiona salama zaidi ni ya hatua mbili. Vuta kwanza mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yasiyo na kihifadhi, kwenye sirinji ya mililita 10. Pima mofini mililita 1 kwa sirinji ndogo ya mililita 1, uiongeze humo. Ingiza kiputo cha hewa na uipindue sirinji juu chini mara kadhaa, kwa sababu mofini isiyochanganyika hubaki karibu na ncha na sehemu inayotoka kwanza huwa kali. Hapo kila mililita ina miligramu 1. Chukua mililita 2 za mchanganyiko huo, uziongeze kwenye mililita 8 za maji ya chumvi katika sirinji mpya, uchanganye vilevile. Sasa kila mililita ina mikrogramu 200, na nusu mililita ndiyo dozi. Hiyo nusu ndiyo inayochanganywa na bupivakaini nzito, mililita 2 hivi, na kuchomwa kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiunoni, au ya nne na ya tano.

Sirinji ya hatua ya kwanza imwagwe kabla ya pili kutumika. Zikikaa trei moja, mkono unaweza kuichukua ile kali, na nusu mililita yake ni mikrogramu 500, mara tano ya dozi. Anayesahau kuzimua kabisa na kuchukua nusu mililita kutoka kwenye ampuli anampa mama miligramu 5, mara hamsini. Na anayefuata mahesabu ya ampuli ya 10 huku mkononi ameshika ya 15 anazidisha kwa nusu bila kujua.

Wapo wanaoishia hatua ya kwanza, kisha wanatumia sirinji ya insulini na kuchukua alama 10, yaani mililita 0.1. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni tundu la shingo ya sindano. Sirinji ya mililita 1 yenye sindano ya kuchomoa hubakiza dawa shingoni, na kiasi kile kinaweza kukaribia dozi yenyewe. Mtu akivuta bupivakaini kwa sirinji hiyohiyo ili "kuisuuza", na kile cha shingoni kinaingia, dozi inakuwa karibu mara mbili. Kama njia hii lazima itumike, basi iwe sirinji ya insulini ambayo sindano yake haichomoki. Kwa nusu mililita, kosa la shingo halina uzito mkubwa.

Tena, ampuli kwa nje si safi kwa kiwango cha thieta. Msaidizi aishike, na aliyevaa glovu safi avute bila kuigusa, kwa sindano yenye chujio ikiwepo, ili vipande vya kioo visiingie. Sirinji moja isigawiwe akina mama watano wa siku hiyo, hata kama roho inauma kumwaga miligramu 9.9 kati ya 10. Vijidudu vikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo huleta homa ya uti wa mgongo, na mama aliyekuja kuzaa hakuja kwa hilo. Kinachomwagwa kiandikwe kwenye kitabu cha DDA, yaani cha dawa zinazodhibitiwa kisheria, na kisainiwe na wawili. Kwenye faili, neno "mikrogramu" liandikwe kwa urefu, maana vifupisho vyake kwa mwandiko wa haraka husomeka kama miligramu. Na iandikwe 0.1, si .1, kwa sababu nukta peke yake hupotea kwenye nakala.

Kuna kosa jingine lisilohusu mofini lakini hutokea kwenye trei ileile, na ni baya kuliko yote. Asidi ya traneksamiki, dawa nzuri ya kuzuia damu baada ya kujifungua, huja katika ampuli ambazo baadhi hufanana na za bupivakaini. Ikichomwa mgongoni kwa bahati mbaya, mama hupata maumivu makali ya mgongo na makalio, degedege, moyo kwenda ovyo, na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2022. Dawa hiyo isihifadhiwe kwenye kabati wala droo ya dawa za ganzi. Na kila ampuli isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuvunjwa, kila mara, hata saa 9 usiku watu wakiwa wamechoka.

Dozi yenyewe isiongezwe kwa huruma. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2021 unapendekeza mikrogramu 50 hadi 100. Ukipita 150, nafuu hurefuka kidogo huku kuwashwa na kutapika vikizidi, na hatari ya kupumua taratibu inapanda.

Hatari hiyo ndiyo inayowaogopesha wengi, na ni haki yao kuogopa. Kwa kuwa mofini hukaa kwenye maji, sehemu yake huelea polepole kupanda hadi shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi. Safari hiyo huchukua saa nyingi. Aliyechomwa saa 4 asubuhi, muda wa kumwangalia kwa makini ni kati ya saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, yaani wakati aliyemchoma ameshaenda nyumbani. Kwa dozi hizi ndogo jambo hilo ni nadra sana kwa mama mwenye afya. Hatari huongezeka kwa mama mnene sana, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye ugonjwa wa mapafu, au aliyewekewa magneziamu salfeti kwa ajili ya kifafa cha mimba. Zaidi ya hao wote, huongezeka kwa mama ambaye mtu mwingine, kwa nia njema, amemchoma pethidini usiku bila kusoma faili.

Ndiyo maana mbele ya faili pawe na maandishi makubwa, mfano: "MOFINI MGONGONI, mikrogramu 100, saa 4:20 asubuhi. Asipewe pethidini, tramadoli, diazepamu wala promethazini hadi saa 4:20 asubuhi kesho bila kumwita mtu wa ganzi." Maandishi hayo yakiwepo na yakasomwa, sehemu kubwa ya hatari imeondoka.

Kumwangalia mama hakuhitaji mashine ya gharama. Muuguzi asimame, atazame kifua, ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne. Kisha amwite mama kwa jina aone anaamkaje. Kusinzia huja kabla pumzi hazijapungua, kwa hiyo mama anayefumba macho katikati ya sentensi ni ishara hata kama pumzi bado ni 14. Mwongozo wa wataalamu wa ganzi ya wazazi wa Marekani wa mwaka 2019 unataka, kwa dozi za zaidi ya mikrogramu 50 hadi 150 kwa mama asiye na hatari nyingine, uangalizi wa kila saa 2 kwa saa 12 za kwanza. Dozi ikizidi hapo ni kila saa kwa saa 12, kisha kila saa 2 hadi itimie siku. Kwa wodi inayoanza tungependa hata dozi ndogo iangaliwe kila saa 2 hadi saa 24, kwa ajili ya mazoea tu. Wauguzi wa wodi za wazazi wanaijua kazi hii: mama wa magneziamu salfeti huhesabiwa pumzi kabla ya kila dozi. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila kikivaliwa na mama aliyewekewa oksijeni kinaweza kuonesha 98 huku hewa chafu ikijikusanya ndani. Pumzi zihesabiwe tu.

Pumzi zikishuka chini ya 10, au mama akawa haamki vizuri: aketishwe, aamriwe avute pumzi, awekewe oksijeni, na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iletwe. Ampuli ya mikrogramu 400 izimuliwe hadi mililita 10, apewe mililita 1 hadi 2 mshipani kila dakika 2 au 3 mpaka azinduke. Ukiisukuma yote kwa mkupuo maumivu hurudi yote. Lakini kama hapumui kabisa, kwanza apuliziwe hewa kwa mfuko na maski, kisha ampuli nzima. Naloksoni huisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, mofini bado ipo. Aliyezinduka asiachwe. Na naloksoni si dawa ya kufungiwa pamoja na za DDA. Ikae kwenye trei ya dharura ya wodi, si stoo ya famasi ambayo ufunguo wake umelala mjini.

Kinacholalamikiwa zaidi si pumzi, ni kuwashwa pua, uso na kifua. Akina mama wengi hupata, wengi kwa kiasi kidogo. Mazoea ni kuwapa dawa za mzio, promethazini au klorofeniramini, na mama analala, halafu tunadhani imesaidia. Kuwashwa huku si mzio, hakutokani na histamini, hivyo dawa hizo zinaongeza usingizi tu, wakati ambao usingizi ndio tunaouchunga. Kama kumemzidi, mikrogramu 40 za naloksoni hukatiza bila kuondoa nafuu ya maumivu. Ondansetroni miligramu 4 hufaa kwa kutapika, na wengine hupata ahueni ya kuwashwa pia. Kwenye faili isiandikwe "ana mzio wa mofini", maana maandishi hayo yatamnyima dawa siku nyingine anapoihitaji. Mkojo nao huweza kukwama, ila mama wa upasuaji tayari ana mpira. Ukitolewa, aangaliwe kama amekojoa ndani ya saa 6.

Mofini peke yake haitoshi. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 na diklofenaki miligramu 50 kila saa 8 zitolewe kwa saa, mama akilalamika au asilalamike. Dawa ya "akiumwa apewe" humfikia aliyepaza sauti, na mama aliyelelewa kuvumilia hapazi. Diklofenaki isitolewe kwa aliyepoteza damu nyingi, mwenye figo zenye shida, vidonda vya tumbo, au kifafa cha mimba kilichoshusha chembe sahani. Pasipo na mofini inayofaa, daktari anayeshona anaweza kuchoma kandokando ya mshono bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 40 kwa mama wa kilo 60. Haifikii mofini, lakini hupunguza maumivu ya ngozi na misuli kwa saa kadhaa, na ni kazi ya dakika 3.

Kuhusu woga wa uraibu na maziwa: dozi moja ya mikrogramu 100 haimfanyi mtu teja, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno kumdhuru mtoto. Uingereza kwa miaka mingi wametumia diamofini mgongoni kwa kazi hiihii, nayo ni heroini kwa jina lake la hospitali. Kwa mtoto anayenyonya tungehofia zaidi vitu tunavyovitoa bila kufikiri. Pethidini huacha mabaki ambayo mwili wa kichanga huyatoa kwa siku kadhaa. Kodeini na tramadoli, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2017 zisitumiwe na wanaonyonyesha, kwa kuwa wapo watu ambao ini lao huzigeuza haraka kuwa kali. Ethiopia watu wa namna hiyo wamepatikana kuwa zaidi ya robo. Na kwa wanaodhani sheria ya dawa za kulevya haiwezi kukaa pamoja na huruma, waitazame Uganda, ambako tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe.

Familia inayopelekwa upasuaji wa kupangwa inaweza kumuuliza mtu wa ganzi maswali mawili kabla ya siku: mnaweka mofini mgongoni, na nani atamhesabia pumzi usiku? Asikasirike. Kama jibu la swali la pili ni "tutaona", basi ni heri la kwanza liwe hapana, na muulize habari ya parasetamoli kwa saa.

Ni sisi,
Wataalamu wa ganzi na usingizi,
Morogoro